Mfuko Ninaourudisha

Jumamosi, 4 Mei

Siku yangu ya kwanza kusaidia kwenye ghala la chakula la kanisa. Nilidhani nitasimama nyuma ya meza, nigawe, nishukuriwe. Wapi! Msimamizi, mpishi mstaafu wa hospitali tunayemwita Kamanda, kanikalisha kwenye benchi nichambue maharage. Kushoto mama wa watoto watano, kulia mwalimu mstaafu. Wote tunachambua. Nani kaja kusaidia, nani kaja kwa njaa? Hujui!

Saa sita kila mtu akapewa mfuko: unga, maharage, mafuta. Na mimi. Nikasema sihitaji, nina kazi kiwandani, nashona sare. Kamanda akanikata jicho — humu hatoki mtu mikono mitupu. Nikamwelewa nikiwa njiani. Mwanamke ana akili huyu!

Nikarudi, nikauingiza mfuko kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 18 Mei

Tulikuwa arobaini, leo tisini. Unga umepanda bei tena. Tumekalia hadi mabenchi ya kwaya. Mwalimu anasema mawe ya maharage haya yanatosha kujenga msingi wa nyumba. Tumecheka mpaka machozi.

Mume wangu bado hana kibarua. Tukijibana, mshahara wangu unatutosha. Mfuko nimeurudisha. Nikajiona mtakatifu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 25 Mei

Wazee wa kanisa wamekuja. Chakula hakitoshi, wasaidizi wasipewe tena. Hata mimi niliona sawa. Kamanda, unga hadi kwenye nyusi: "Mkiwatoa wasaidizi, wanaobaki mmewaandika njaa usoni." Mifuko ipunguzwe uzito, basi, lakini kila mtu abebe. Wazee wakasalimu amri! Nampenda huyu mama.

Nimerudisha.

Jumatano, 5 Juni

Kiwanda kimefungwa. Karatasi getini, mistari mitatu. Miaka kumi na moja — mistari mitatu!

Ijumaa, 7 Juni

Unga wa leo na kesho. Watoto wameanza kuulizana nani kamaliza sukari. Kanisani sijamwambia mtu. Nianzie wapi?

Jumamosi, 8 Juni

Watu mia na hamsini. Benchi la mbele wamekaa wenzangu wanne wa kiwandani. Tumesalimiana kama tuko kazini, tukainamia maharage. Hakuna aliyeuliza umekuja kufanya nini. Hapo ndipo nilipoonja utamu wa sheria ya Kamanda — nikiwa upande huu.

Nikapewa mfuko. Miguu ikanipeleka nyuma. Mazoea? Kiburi, nikitaje kwa jina lake.

Mlango umefungwa. Kufuli!

Nikazunguka mbele. Kamanda anafagia. Mama, mlango wa nyuma una nini? Hakuinua kichwa. "Nimeufunga leo, mwanangu. Wiki zote hizo nilikuwa nauacha wazi kwa ajili yako."

Nikaukumbatia mfuko, nikaondoka. Nimelia barabara nzima, kwa aibu na kwa shukrani, sijui ipi ilizidi.

Sasa niko jikoni. Maji yako motoni, watoto wameshaufungua unga. Mume wangu kashika mfuko mtupu. Anauliza, kwani na wasaidizi huwa wanapewa? Nimemwambia ndiyo.

Tangu lini?

Tangu siku ya kwanza.

Ameukunja mfuko polepole, mara mbili. Anataka kujua ile mingine iko wapi. Nimesema subiri nimalize kuandika —