Jino Lililobaki Zahanati

Hibo mjukuu wangu,

Assalamu alaikum. Hapa Griftu mvua imenyesha, na mbuzi wa shangazi yako wamezaa. Tunajivunia kazi yako ya meno huko Garissa.

Unauliza kwa nini wazee wanadai wapewe jino ulilowang'oa, na mkuu wako anawacheka.

Nilipokuwa msichana, niling'olewa gego kwenye zahanati yetu. Sisi kinachotoka mwilini tunakizika, lakini niliona haya kumwambia daktari mgeni. Akalitupa kwenye ndoo, nikaenda zangu.

Siku ya tatu asubuhi, nikikamua mbuzi, pengo liliwaka moto. Nikapiga kelele. Mama akanitazama mdomoni, hakuna damu wala uvimbe. Kisha akaangalia upande wa zahanati. Moshi ulikuwa unapanda. Walikuwa wanachoma taka.

Labda lilikuwa jeraha tu, wallahi sijui. Lakini hadi leo, wakichoma taka pale, pengo hupata joto kabla pua yangu haijanusa moshi.

Mzee mfungie jino lake kwenye pamba, umpe mkononi.

Langu la mbele limeanza kulegea. Hapa simruhusu mtu aliguse. Nakungoja wewe.

Ayeeyo, nyanya yako