Damu Inayoshikana

Jumatatu, tarehe 4
Vipimo vya leo: malaria, malaria, mimba, malaria. Umeme umekatika tena. Nimeagiza barafu Kalundu, kwa wauza samaki, nikalaza vichupa vyote vya damu ndani yake. Labo inanuka ndagala, vile visamaki vyao. Mchana wameleta Mama Neema wa Luvungi. Amezaa jana, damu imemwisha. Midomo myeupe. Kaka zake wanne, wote wa kundi lake la damu, wamekuja kumtolea.

Nimechanganya chembe za kaka mkubwa na maji ya njano ya damu ya mama. Zimeshikana vibonge. Haifai. Damu ya namna hiyo inaua.

Jumanne, tarehe 5
Kaka wa pili, vibonge. Wa tatu, wa nne, vibonge. Nimejaribu hata yangu, kundi ni lile lile. Vibonge! Nimepiga kiti teke.

Daktari anataka kesho apelekwe Bukavu. Bukavu gani? Barabara ile itamumaliza kabla hajafika hata Katogota. Nimemwambia. Akajibu, "Basi weye tafuta damu." Niko na hasira. Niko na woga pia.

Jumatano, tarehe 6
Alfajiri nimefanya ujinga: nimechanganya chembe za Mama Neema mwenyewe na maji ya damu yake mwenyewe. Vibonge! Lakini muntu hawezi kukataa damu yake.

Nimekaa chini. Nikashika kichupa. Baridi. Ee Mungu wangu, ni barafu! Tunapima kila kitu kikiwa baridi, tena tunajisifu tunatunza vizuri. Damu ya huyu mama inashikana ikipata baridi, basi.

Nimepasha maji kwa makaa mpaka joto la mwili, nikalaza vichupa humo, nikapima upya. Kaka mkubwa: laini. Laini kabisa! Nimepiga vigelegele peke yangu.

Daktari ameangalia darubini mara tatu. "Iko sawa." Miye nimemwambia arudie kwa sauti, wauguzi wasikie. Amerudia!

Damu ya kaka imeingia polepole, vuguvugu. Mama amefunikwa blanketi mbili, asipate baridi, katika joto hili la Uvira. Wauguzi wamecheka. Wacheke. Saa nane midomo ilikuwa na rangi.

Jumamosi, tarehe 9
Mama Neema amekuja labo kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Ameomba kuona damu yake. Nimemwekea darubini. Ameangalia muda mrefu, jicho moja limefungwa.

"Ni hii tu?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nimesema, ndiyo mama, ni hii. Akanishika mkono kidogo, akaenda kunyonyesha.