Nimewafuta Watu 171 kwa Ajili ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu, naomba na langu ulipokee ingawa halihusu mapenzi, au labda linahusu kidogo, utaamua mwenyewe ukifika mwisho.

Mimi ni mchanganuzi wa takwimu katika kampuni inayopima matangazo, yaani mtu akitengeneza tangazo sisi tunawatuma wahojaji nyumba kwa nyumba na madodoso, wakirudi mimi ndiye ninayejumlisha majibu na kumwandikia mteja ripoti, na kwa miaka tisa sijawahi kuichezea namba hata moja, mpaka mwezi uliopita ilipoletwa kazi ya tangazo la sabuni ya unga ambalo ndani yake kuna mama anayenyanyua shuka juani, analikazia macho, anauliza kwa ukali, “Hili ni shuka au ramani?”, na mama huyo ni mama mkwe wangu.

Hakuwa muigizaji, mshauri. Alikuwa kwenye foleni ya benki akimfokea mtu aliyepenya mbele yake, mtengeneza matangazo mmoja akamwona, akamwomba namba ya simu. Kabla ya hapo, tangu baba mkwe afariki, alikuwa akiishi kwetu na kushinda kwenye kiti cha dirishani bila kufungua pazia, ukimuuliza atakula nini anasema chochote. Siku hizi anavaa hereni kwenda kununua nyanya, watoto wa mtaani wakimwona wanapiga kelele “shuka au ramani!” naye anageuka na kuwatolea macho, halafu anarudi nyumbani anacheka peke yake jikoni. Mke wangu anasema hajamsikia mama yake akicheka hivyo kwa miaka minne, na mke wangu ni asilimia mia ya wake nilionao, siwezi kumpuuza.

Sasa majibu. Tulihoji watu 400. Waliolikumbuka tangazo ni 248, ambao ni wengi mno, nilifurahi nikaenda kunywa chai. Swali lililofuata lilikuwa “Lilikuwa tangazo la sabuni gani?” na hapo watu 77 tu ndio waliotaja sabuni ya mteja wetu, hao 171 waliobaki wakataja ya mshindani wake, wengine kwa kujiamini kabisa. Tulipowauliza wote 248 wanakumbuka nini zaidi, 190 walisema yule mama. Sabuni ilitajwa na 11. Kwa ufupi mteja wetu anamtangazia mshindani wake, na anayemsaidia mshindani ni mama mkwe wangu.

Nilikaa na jedwali hilo siku mbili. Mke wangu akaliona kwenye kompyuta, nikamweleza, akasema, “Sawa, andika, lakini wakimtoa mama, wewe ndiye utakayemwambia, mimi simo.” Kesho yake nikawatoa wale 171, nikabaki na 77, nikatazama wangapi walilipenda tangazo, wakawa 63, nikaandika kwa herufi kubwa ASILIMIA 82 WAMELIPENDA, bila kusema asilimia 82 ya nani. Si uongo, mshauri, kila namba iliyopo pale ni ya kweli. Bosi ameipenda, mteja ametumiwa muhtasari naye ameupenda, anataka kutengeneza tangazo la pili, na Alhamisi nasimama mbele yake kuwasilisha.

Ila msimamizi wa wahojaji, dada aliyezunguka na madodoso hayo juani wiki tatu mpaka soli ya kiatu ikaachama, ameisoma ripoti, akaja mezani kwangu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, “Kaka, wale watu wangu mia moja sabini na moja wamekwenda wapi?” Nikamwambia wako kwenye kiambatisho. Mshauri, hakuna kiambatisho.

Nikisema ukweli mama anarudi kwenye kile kiti, nikinyamaza silali vizuri. Nifanyeje?

Mimi, Mchanganuzi Niliyekwama

*

Ndugu Mchanganuzi,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ya kwanza nusura unilize kwa hereni za mama wa watu, nisahau kwamba umepika takwimu. Usiniambie kila namba ni ya kweli. Ukimwambia mkeo kwamba jana ulikuwa kazini kwa saa moja, ukaacha kumwambia saa nyingine tano ulikuwa wapi, hujasema uongo. Mjaribu uone.

Kosa lako lilianza siku kazi ilipoletwa, ukamwona mkweo kwenye skrini ukanyamaza. Neno moja tu, “Bosi, huyu ni mkwe wangu, mpe mwingine,” na leo usingekuwa unaniandikia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata kumlinda hukumlinda. Mimi hesabu zilinishinda shuleni, lakini najua watu 190 hawaenei ndani ya 77. Wengi waliomkumbuka mama huyu wamo kwenye lile kundi ulilolitupa. Umemfutia mashahidi wake mwenyewe! Na nani kakwambia kosa ni lake? Yeye alipewa shuka alifokee, akalifokea, tena vizuri. Pakiti ya sabuni inaonekana wakati gani kwenye tangazo hilo? Hukusema, na wewe ni mtu uliyenitajia mpaka soli ya kiatu cha mtu.

Basi sikiliza. Leo hii, usingoje Alhamisi, ingia kwa bosi wako, funga mlango, mwambie undugu wako na yule mama na mwambie habari ya wale 171. Atafoka. Mwache afoke. Jedwali zima lirudi ukurasa wa kwanza, kila asilimia na idadi ya watu wake pembeni, na mapendekezo yaandikwe na mtu asiyekula meza moja na muigizaji. Mbele ya mteja asimame huyo huyo. Yule dada umwombe radhi kwa mdomo wako. Kiambatisho, kweli? Huna aibu.

Wanaweza kumtoa mama, sitakuficha. Lakini wakimwita kwenye tangazo la pili kwa asilimia zako za kupika, sabuni ikadoda madukani, watamtoa vilevile, na safari hiyo watasema ni yeye aliyeiua.

La mwisho. Umehoji watu mia nne kuhusu mama mkwe wako, na yeye mwenyewe hukumuuliza hata swali moja. Umeshaamua kwamba atarudi kwenye kiti. Kwa takwimu zipi? Jioni ya leo kaa naye jikoni, mweleze yote, kuanzia wale 400 mpaka wale 11, usiruke mstari. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize, na usijumlishe chochote.