Mlete Dada Yako

Jumamosi, jioni. Mvua imetoka ziwani tangu asubuhi na bati letu halijanyamaza. Nimekaa kitandani na simu ya Mama, naandika blogu yangu, na nina wivu. Naliandika neno hilo mwanzoni kabisa nisije nikalizungukazunguka kama kawaida yangu.

Ninamwonea wivu mdogo wangu.

Anaitwa Mugesi. Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Mimi nina kumi na minane, niko kidato cha tano, na nikisimama naye nafika begani. Nguo zikimbana yeye ndipo napewa mimi. Yaani mimi, mtoto wa kwanza, navaa nguo zilizoachwa na mdogo wangu. Mwaka jana niliugua malaria akanisindikiza hospitali. Nesi akamtazama yeye, juu ya kichwa changu, akamuuliza, "Mdogo wako ameanza kuumwa lini?" Mugesi akajibu, "Tangu juzi." Hakumsahihisha. Nilikuwa na homa kali, lakini hilo nalikumbuka kuliko sindano.

Leo asubuhi wivu ulikuwa umelala. Baba Mkubwa alifika kutoka Butiama na habari za harusi. Binti yake, dada yetu Nyabweke, anaolewa Bunda mwezi ujao, na anataka msichana mmoja kutoka kwetu awe mpambe wake, asimame naye siku nzima.

"Nitamchukua mkubwa," Baba Mkubwa alimwambia Baba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napepeta mchele.

Mkubwa ni mimi. Hata anayenidharau vipi hawezi kubishana na tarehe ya kuzaliwa. Nikaupepeta ule mchele kama mtu anayecheza ngoma. Nilishajiona ukumbini Bunda nimevaa gauni jipya, lililoshonwa kwa kipimo changu, na watu wanaulizana yule dada ni nani.

Kisha Mama akanipa kikapu chenye chupa tupu. "Wegesa, kamchukulie baba yako mkubwa bia nne kwa Mama Kulwa."

Grosari ya Mama Kulwa iko hapa hapa Iringo, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ina friji, dirisha la nondo, na nje kuna benchi chini ya turubai ambapo wanaume hukaa kunywa. Zamani tulikuwa tunatumwa bia pale hata kabla hatujajua kusoma, na hakuna aliyeuliza kitu. Lakini juzijuzi mtendaji wa mtaa alipita madukani akionya, na sasa kwenye friji kuna karatasi inayosema mtu wa chini ya miaka kumi na minane hauziwi pombe. Kwa kuwa hakuna anayetembea na kitambulisho, Mama Kulwa ana njia yake. Anakuuliza ulimaliza darasa la saba mwaka gani, halafu anahesabu kwa vidole. Ukisitasita tu, umekwisha.

Nilipoisikia njia hiyo niliipenda. Nilijiambia, hatimaye kuna mtihani wa mdomo ambao nitafaulu.

"Shikamoo, Mama Kulwa. Naomba bia nne za baridi."

"Marahaba, Kadogo. Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi na minane."

Benchi zima likacheka.

"Darasa la saba ulimaliza lini?"

Nikataja mwaka bila hata kumeza mate. Akahesabu vidole, akarudia. Vilifika panapotakiwa, niliona kwa macho yangu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Hapana. Watoto wa siku hizi mnafundishanaga majibu njiani."

"Ni kweli, Mama Kulwa. Niko kidato cha tano."

"Na mimi niko chuo kikuu," akasema mwanamume mmoja pale kwenye benchi, amevaa kofia ya sufu. "Mpe uji huyo. Weka na sukari kidogo."

Mama Kulwa hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alinionea huruma. "Mwanangu, mimi sitaki kufungiwa biashara. Nenda, mlete dada yako."

"Dada gani?"

"Si yule mrefu, Mugesi. Yeye nitampa."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Huwa nina majibu mazuri sana, ila yananijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Nyumbani nilisimulia kwa sentensi mbili, nikitazama sakafu. Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nyumba hii hatumjui mkubwa ni nani! Nikimpeleka huyu, si watu wa Bunda watadhani tumewaletea mtoto wa kumwaga maua?" Ulikuwa utani. Lakini baada ya kucheka alimtazama Mugesi kwa muda, juu mpaka chini, kama fundi anayekadiria kitambaa.

Nikajua gauni langu limeondoka.

Mama akamwambia Mugesi aende. Mugesi akasema, "Siendi peke yangu. Naenda na Wegesa." Husema hivyo kila anapotumwa, iwe sokoni, iwe mashine ya kusaga. Siku zote nimeamini ananichukua ili aonekane mrefu zaidi.

Tulipofika, Mama Kulwa hakumuuliza hata jina. Hakuuliza mwaka. Vidole vyake havikuhesabu chochote. Alifungua friji, ile karatasi ikapepea mlangoni, akaanza kuzipanga chupa kikapuni. Mugesi amesimama tu, mvua inadondoka pembeni ya turubai, uso umetulia kama wa mtu mwenye nyumba yake. Miaka kumi na minane nimeingoja mmoja mmoja, naye amekuja na urefu tu, na urefu umetosha.

Hapo ndipo jibu likanijia, mara ya kwanza maishani mwangu kwa wakati wake. Nikafungua mdomo.

Mwenye kofia ya sufu akaniwahi.

"Mrembo, hizo zote unampelekea nani? Kaa hapa, moja nakununulia mimi." Akanyoosha mkono, akamshika Mugesi karibu na kiganja.

Mugesi akacheka. Kicheko hicho nakijua, nimewahi kukijaribu mbele ya kioo kikanishinda. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na niliona ambacho wale wa benchini hawakukiona. Mkono wake mwingine ulikuwa umeikamata sketi yangu na kuisokota, kwa nguvu, kama mtu anayekamua nguo.

"Ana miaka kumi na sita!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa, sijui ilikuwa inakaa wapi siku zote. "Yuko kidato cha tatu! Mwachie!"

Akamwachia hapo hapo.

"We jamaa," mwenzake akamwambia, "unaitafuta miaka thelathini jela?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Kulwa akazitoa chupa kikapuni moja moja akazirudisha kwenye friji. Hakututazama. "Mwambieni baba yenu aje mwenyewe," akasema.

Njia nzima Mugesi alinishika mkono, na tulipoingia sebuleni alianza kusimulia kabla hajavua viatu. Alisimulia vizuri, anajua kusimulia. "Dada aliwanyamazisha wote! Mngemsikia Dada!"

Dada. Tangu ajue kuongea ananiita Wegesa.

Baba alichukua mwavuli akatoka. Aliporudi na zile bia alisema yule mtu ameshaondoka pale, na kwamba kuanzia leo hakuna mtoto wa nyumba hii atakayetumwa pombe, awe mrefu, awe mfupi.

"Na wewe walikuuliza darasa la saba?" Baba Mkubwa akamtania Baba, lakini taratibu, kuipoza nyumba. Kisha akanigeukia. "Mimi nimeshaona mkubwa ni nani. Bunda unakwenda wewe, mama."

Nikasema asante. Nilitegemea furaha. Nikasubiri. Haikuja.

Baada ya kula tulitoka kuosha vyombo barazani. Mimi nasugua, Mugesi anasuuza. Tulikuwa tumefika kwenye sufuria ya sato aliposema, bila kunitazama, "Dada, yule mtu asingenishika, ungesema?"

Nikaendelea kusugua. Mama akamwita ndani, akaenda.

Jibu ni kwamba ningesema.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu kabla ule mkono haujamfikia. Nilitaka zile chupa zitolewe kikapuni. Nilitaka wanaume wote wa lile benchi wajue kwamba yeye ndiye mtoto. Halafu nikaona vidole vyake kwenye sketi yangu, nikaogopa, na ile hofu ikayakuta maneno yale yale yameshakaa tayari. Hata sijui ni kipi kilichoyasukuma nje. Neno "mwachie" nina hakika nalo. Hilo lilitoka kwa dada yake. Yale mengine, sijui.

Na sasa ninajua kwa nini huwa hataki kutumwa peke yake. Amekuwa akipita kwenye mabenchi kama yale kwa muda gani, mimi nikiwa pembeni yake nahesabu sentimita?

Ungedhani nikishalijua hilo, wivu utaisha. Nusu saa iliyopita nilimwona anarudisha sahani kwenye rafu ya juu kabisa bila kupanda kigoda. Ukaja tena, mzima kabisa, kama haujawahi kuondoka.

Mugesi huwa hasomi blogu hii. Anasema naandikaga marefu. Kesho tukitoka kanisani nitamfungulia ukurasa huu, nitamwachia simu, na mimi nitachukua ndoo niende kuchota maji. Nitakwenda bomba la mbali, asome bila kuharakishwa. Baba Mkubwa anaondoka Jumatatu, kwa hiyo kama kuna mpambe wa kubadilishwa, muda bado upo.

Nikirudi akiniita Dada, sijui nitafanya nini na uso wangu.

Akiniita Wegesa, nitaitika.