Vidole Saba vya Amani

Yaya Espe, dada yangu mkubwa,

Nina hasira. Nianze na hiyo, maana salamu zitanichelewesha.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wako Lilongwe, daktari wa mifupa auone ule mkono. Amani sasa anatembea. Anamuita kila mtu "mama", hata yule wa kabaza aliyetupakia kwenye baiskeli yake. Mkono wa kulia uko vilevile: vidole saba, dole gumba hakuna, kidole kidogo kila upande. Daktari, mama mmoja Mmalawi, aliushika bila kushtuka. Ni mtu wa kwanza, Yaya. Hata mi, siku aliyozaliwa, niliufunika kwa soksi kabla watu hawajaingia kukupongeza. Nisamehe hilo.

Nilimuuliza swali ulilokufa nalo: maneno ya mama mjamzito yanaweza kuharibu mkono wa mtoto?

"Ayi," akasema. Hapana. Akachukua karatasi, akanichorea mtoto akiwa bado mdogo kama punje ya haragi. Wakati huo mkono ni kivimbe tu. Seli zake, zile chembe zinazojenga mwili, hazijui bado zitakuwa kidole gani. Lakini upande wa kidole kidogo kuna kikundi cha seli kinachotoa ishara. Zilizo karibu zinaipata kwa wingi, zinakuwa kidole kidogo. Kadiri unavyokwenda mbali ishara inapungua, na mwisho kabisa, isikofika, njo hapo linaota dole gumba. Alisema watu wa sayansi walishachukua kikundi hicho kwa kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai, wakakipandikiza upande wa pili wa bawa. Bawa likaota vidole mara mbili, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kwa Amani, huenda ishara ilitoka pande zote mbili. Kwa nini? Hajui. Alisema wazi kwamba hajui, nikamheshimu.

Nikamuuliza, mwezi wa ngapi? Akasema mwezi wa pili, wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba.

Mwezi wa pili! Ulipogombana na mama mkwe wako, Mama Riziki, tumbo lilikuwa la miezi mitano. Nilikuwepo. Ulimwambia, "Sitaki tena kuona mkono wako kwenye sufuria yangu." Maneno ya jikoni, basi. Mtoto alipozaliwa, Mama Riziki akaunyanyua ule mkono mbele ya wageni: "Munaona? Mkono alioukataa njo huu." Na we, uliyekuwa unagombana na wauzaji wote wa soko la kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, ukanyamaza. Mumeo yuko Afrika Kusini anatafuta kazi. Wa kukutetea nilikuwa mimi, na mi nilikuwa nimeshika soksi.

Homa ilipokushika nilikwambia twende kliniki. Dakika kumi kwa miguu, Yaya! Mama Riziki akasema utubu kwanza, ufunge siku tatu kwenye chumba cha maombi. Ukakubali. Ukaniambia, "Furaha, labda ni kweli. Labda mi njo nilimuharibu." Siku ya tatu tulikubeba, ulikuwa huongei tena.

Kwa hiyo hasira yangu si kwake peke yake. Ni kwako pia. Mwili wako ulikuwa unawaka, na bado ukamuamini yeye.

Siku niliyotoka kwa daktari sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Riziki na karatasi ya daktari. Alikuwa anachambua mchele. Nikamueleza kivimbe, ishara, miezi, kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilisema tu, Furaha. Nani alijua atakufa?"

Nikamwambia, "Yaya naye alisema tu. Neno lake halikugusa kidole hata kimoja. Lako lilimzuia kwenda kliniki."

Akauliza, polepole, kama ulijua ukweli kabla hujafa. Nikamwambia hapana. Akaanza kulia. Sikumbembeleza.

Leo Amani anapasuliwa. Watapunguza vidole, kimoja watakigeuza kiwe dole gumba. Asubuhi Mama Riziki alitukuta tunapopandia basi, amevaa kitenge cha kanisani, akanyoosha mikono ampokee mtoto. Nilimpa mfuko wa nepi. Mtoto nikabaki naye. Akaupakata ule mfuko mpaka Lilongwe. Sasa tumekaa benchi moja, yeye mwisho ule, mi mwisho huu. Sijui kama kuna siku nitasogea. Usiniombe.

Nakuahidi hili: mtoto wako hataomba msamaha kwa mtu yeyote kwa sababu ya mwili wake. Na akipata homa nitambeba kliniki saa ileile, wanaotaka kuomba waombe wakinifuata nyuma.

Pumzika, Yaya wangu. Hukumuharibu. Laiti ningekuwa nimekwambia hivyo kwa kelele, ukiwa bado unasikia.

Muuguzi anaita jina letu.

Mdogo wako,
Furaha