Alama ya Manjano Kwenye Kope Zako

Shangazi,

Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: barua yako ya hospitali ninayo mimi. Mama alinituma niipeleke kwenye mabasi ya Gulu ije huko kwako, maana simu zake hupokei. Nikarudi nikamwambia nimempa kondakta. Uongo. Wiki ya tatu sasa imelala ndani ya daftari langu la Baiolojia, na kila nikiiona nasikia raha, tena raha ya kishenzi.

Unajua mimi si msemaji. "Huyu mtoto mdomo wake uko wapi?" ulikuwa ukinitania, umenibana kichwa katikati ya magoti unanisuka, pale kwetu kambi ya polisi Nsambya, baba akicheka mlangoni na yunifomu yake. Halafu unanigeuza nitazame vile vivimbe vya manjano kwenye kope zako. "Unaona? Baba yako anavyo. Babu yako alikuwa navyo. Hii ni alama ya kwetu. Mama yako Mkongo hana." Nami, mjinga, nikawa najikagua kwenye kioo kila asubuhi, naomba vinitokee.

Baba alianguka gwarideni akafa, hajafika hata miaka arobaini. Ulipofika msibani hukumpa mama pole. Uliingia jikoni moja kwa moja, ukafunua sufuria, ukaimwaga sombe yake, kisamvu cha kwao, nje mbele ya wake wote wa polisi. "Majani yako ya Kongo ndiyo yamemuua kaka yangu. Mchawi wewe!" Mama akabaki na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, naona yote. Mwezi haukuisha tukatolewa kambini, na katika ukoo wako mkubwa hakupatikana hata mmoja wa kutubebea godoro.

Mwaka huu mama akasikia kuna daktari anachunguza jinsi jeni zinavyochangia ugonjwa wa moyo, anatafuta familia ambazo watu wanakufa mapema. Tukaenda. Daktari alieleza kwa Kiingereza, mimi nikamtafsiria mama. Kuna jeni ikibadilika kidogo tu, mwili unashindwa kuondoa mafuta kwenye damu, yanajijaza kwenye mishipa ya moyo. Kuwa nayo si kwamba lazima ufe, alisema; inaongeza hatari, na wao wanataka kujua inaongeza kiasi gani, ndiyo maana wanapima ndugu wote, wagonjwa na wazima. Kisha akauliza: kuna ndugu mwenye vivimbe vya manjano kwenye kope?

Shangazi, nilicheka. Mimi ninayeshindwa kuitikia jina langu darasani, nilicheka mpaka daktari akaweka kalamu chini. Alama ya kwenu! Ulivyoivaa kama nishani, kumbe ni mafuta yaliyokosa pa kwenda. Damu ya mama walikuta haina shida. Yangu inayo, nimeitoa kwenu. Kila jioni nameza kidonge, na anayenishikia glasi ya maji ni huyo mchawi wako.

Na ndiye aliyeomba bahasha yako, ya kukuita ukapimwe. "Ni dada wa baba yako," alisema. "Atakosaje kujua?" Moyoni nilisema mwache, si ana waganga wake? Mtu anayetafuta kifo cha kaka yake kwenye sufuria ya mboga, huku kimemkaa usoni!

Ila kuna Ojok. Krismasi ile mlipokuja kwetu alikuwa akikanyaga viatu kwa nyuma, visigino vimemvimba, na wewe mamake ukimcheka eti anatembea kama bata. Daktari aliuliza na visigino pia, maana mafuta hayo hayo hujikusanya hata huko. Swali hilo sikumtafsiria mama. Nilisema, "Anauliza kama tuna maswali." Ojok ana miaka kumi na miwili, shangazi. Hakumwaga chakula cha mtu.

Sikusamehe, usijidanganye. Nenda ukapimwe, umpeleke na mwanao, kisha uendelee kutuchukia ukiwa mzima.

Nasikia kandambili za mama kwenye korido. Karatasi hii naisukuma chini ya godoro, si ya macho yake. Bahasha yako naiweka juu ya meza, wazi, na akiuliza nitamwambia yote, mpaka visigino.

Kaa huko huko salama.

Binti wa kaka yako