Mahali pa Magurudumu Matatu: Tunamkumbuka Baba yetu Anatoli Bizimana wa Nyakisasa, Ngara

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya msimu wa maharage, kifua kimekubana na mvua inapiga juu ya bati. Ulituuliza kama maharage yaliyoanikwa uani yameingizwa ndani. Tukasema bado. Ukasema, "Basi msikae hapa kunitazama mimi. Yataota hayo." Tukatoka kuyazoa huku tunalia, na tuliporudi ulikuwa umelala usingizi ambao hukuamka tena.

Tunaikumbuka mikono yako. Kabla ya vita ilikuwa mikono ya jembe na randa, na nusu ya kijiji ililima shamba la ujamaa kwa mipini uliyoichonga wewe. Ulikwenda vitani na mgambo wenzako ukiwa na miguu yako miwili. Ulirudi kutoka hospitali na baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa kuzungusha mikono. Mama alipokuona unashushwa kwenye lori, alikaa chini katikati ya barabara. Ukamwambia, "Koleta, simama wewe. Mmoja wetu akikaa inatosha." Watu waliokuwa wamejiandaa kulia wakacheka, kisha wakalia.

Baiskeli ile wewe uliiita gari. Wakati mafuta yalipokuwa haba na Serikali ikazuia magari kutembea Jumapili mchana, ndipo ulipopenda kutoka. Ulipita barabarani unapiga kengele na kupaza sauti: "Kibali ninacho! Langu linakunywa uji!" Watoto walikukimbilia, "Shikamoo, Dereva!" nawe ukawajibu, "Marahaba, pisheni, breki hakuna." Breki zilikuwapo. Ulipenda tu kuwaona wanavyorukia majanini.

Ndugu Kazimili, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikutendea jambo ambalo hatujalisahau. Katika mkutano alitangaza kwamba kwenye ofisi, zahanati na duka la kijiji, kando ya mlango, patengwe mahali pa gari lako, na mtu yeyote asiegeshe hapo baiskeli wala kutua gunia. Akapapangia mawe yaliyopakwa chokaa. Ukawa unafika hadi mlangoni, unashuka kwa mikono yako iliyovaa vipande vya tairi kama viatu, unaingia na kusalimu kama mtu mwingine yeyote. Ulikuwa ukituambia kwamba siku ya kwanza ulipofika hivyo kwenye mlango wa ofisi, ndiyo siku uliyorudi kutoka vitani.

Lakini mashine ya kusaga haikuwa ya kijiji. Ilikuwa ya Bwana Leonidasi, juu kilimani, ndani ya kiwanja chake, na njia ya kupanda huko aliichimba mwenyewe na ndugu zake. Pale chini, njia hiyo inapoachana na barabara, alilaza gogo la mkaratusi juu ya nguzo mbili. Kila chenye gurudumu kilikomea hapo. Watu walipanda kwa miguu, debe kichwani.

Siku ya kwanza ulipokwenda kusaga, uliwakuta majirani wanakungoja kwenye gogo na ngobyi, ile machela yetu ya kusuka ya kubebea wagonjwa. Mzee Telesfori ndiye aliyewakusanya, na alikuwa ameifunga kamba mpya kwa heshima yako.

"Ingia, ndugu yangu, tukupandishe," alisema.

"Nani anaumwa?"

"Haumwi mtu. Tunakubeba wewe."

"Telesfori, ngobyi hubeba mgonjwa, na hubeba maiti. Mimi nimekuja kusaga mahindi."

"Sasa utapandaje?"

"Kwa gari langu, mpaka mlangoni."

Wanaume walitazamana. Huku kwetu mtu aliyeshindwa kutembea hubebwa, na ndio utu wetu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anayebebwa anaweza kukataa. Telesfori aliikunja ngobyi yake na kwa siku kadhaa alipita nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Ulikwenda kwa Ndugu Kazimili. Akajikuna kichwa.

"Anatoli, kule ni kwa mtu. Nikipeleka mawe yangu, atayatumia kujengea zizi."

"Kwa hiyo amri ya kijiji inaishia wapi?"

"Inaishia kwenye gogo."

"Basi mimi na amri yako tutakuwa tunakaa pamoja hapo hapo," ukamwambia.

Na kweli ukakaa. Kila siku ya kusaga ulikwenda na debe lako, ukasimamisha gari kwenye gogo, ukasalimiana na wapitao, kisha ukarudi na mahindi yale yale. Sisi watoto tuliomba tukubebee. Ukatukatalia: "Mkipanda ninyi leo, kuanzia kesho mimi ni mtu wa kukaa ndani na kuuliza kama unga umefika." Nyumbani tukala viazi, tukala ndizi, tukala muhogo wa kuchemsha, tukarudi kwenye viazi. Mama alivumilia, halafu hakuvumilia tena.

"Baba Deodata," alisema akiweka sahani kwa kishindo, "kiburi hakisagiki. Kingesagika, ningekwisha kukupikia ugali wake."

Ulicheka mpaka ukapaliwa. Lakini baadaye tulikuona umeshika kipini ulichokuwa unachonga, na kisu kimesimama.

Bwana Leonidasi alikuwa akikuona pale chini, na hatimaye akateremka. Tunataka wasomaji wajue kwamba hakuwa mtu mbaya.

"Anatoli, unanitia aibu mbele ya wateja."

"Nakusalimu tu, Bwana Leonidasi."

"Nikilinyanyua gogo kwa ajili yako, kesho wataingia wenye baiskeli, keshokutwa malori. Wakati wa vita askari walipitisha magari yao humu wakaniachia mahandaki. Lori langu lenyewe lilichukuliwa kubeba askari, likarudi halina hata milango! Wewe ulitoa miguu, nami nilitoa lori."

"Lori lako lilikuwa la rangi gani?"

"Buluu."

"Basi huenda lilinibeba. Lilikuwa linarukaruka kama mbuzi."

"Ndilo!" alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Lakini gogo halikunyanyuliwa, naye akapanda zake.

Jioni ile ulimwita Telesfori. Alikuja amenuna bado. Ukamwambia, "Nimekosea njia. Nilikuwa namngoja Kazimili aniamrishie mji wa mtu. Mji wa mtu hauamriwi, unapigiwa hodi. Nitafutie kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nawe uwe msemaji wangu." Telesfori aliyekuwa amenuna akanyanyuka kama kijana.

Jumapili mlikwenda. Kwenye gogo ulisimama, ukamtuma Telesfori juu kuomba ruhusa. Bwana Leonidasi hakuweza kumkatalia mgeni mwenye kibuyu, kwa hiyo akalishusha gogo kwa mikono yake, na kwa siku hiyo moja ukapanda. Tulikuwa nyuma yako. Hukukubali kusukumwa. Njia ile ni ya mwinuko, na mishipa ya shingo yako ilisimama kama kamba, lakini ulifika.

Watu waliokuwa wamekaa kivulini pembeni ya mashine walisogea kusikiliza. Mirija ikatumbukizwa kwenye kibuyu. Telesfori akakohoa kama washenga wanavyokohoa.

"Mwenye mji, tumeona ua humu ndani, tumelipenda."

"Binti zangu wote wameolewa," alijibu Bwana Leonidasi kwa tahadhari.

"Hatutaki binti. Bwana harusi wetu ana mke, tena mkali. Tunaposa mahali."

"Mahali gani?"

"Pale kando ya mlango wa mashine. Padogo tu, ng'ombe mmoja akilala pamejaa."

"Na bwana harusi ana tabia gani?"

"Ana magurudumu matatu, hali majani, wala hazungukizunguki kwenye miji ya watu. Akisaga anaondoka."

Watu wakaangua kicheko. Mke wa mwenye mji, Mama Rozalia, akasema kutoka mlangoni, "Mpe, baba, huyo ni mpole kuliko wakwe zako!" Bwana Leonidasi hakucheka. Alikutazama wewe.

"Anatoli, sema mwenyewe. Ni kwa sababu ya vita? Unataka nikulipe miguu?"

"Hapana. Mguu haulipwi na jirani," ulimjibu. "Nataka nikija kwako nifike kwako. Sasa hivi nafika kwenye gogo lako."

Aliuweka mrija wake kando. Kisha aliinuka, akaenda kwenye mpaka wa shamba lake, akarudi na vipande vinne vya ule mmea wa mpaka wenye majani marefu kama panga. Hakuna asiyeujua huku kwetu: ukishapandwa na watu wawili kwa kukubaliana, hang'oi mmoja peke yake, wala mwanawe baada yake. Akapima kwa macho ukubwa wa gari lako, akaongeza kidogo "kwa ajili ya kugeuza," akachimba. Wewe ulishuka ukashika miche, yeye akashindilia udongo. Kesho yake alilikata gogo upande mmoja, pakabaki upenyo wa magurudumu matatu ambao lori halipiti.

Siku iliyofuata ya kusaga ulikwenda peke yako. Ulirudi na debe la unga mapajani, uso wote mweupe kwa vumbi la mashine, hata kope. Mama alitaka kukufuta, ukamkatalia mpaka majirani wote wakuone.

Baba, tunakuletea habari za huku. Mwezi uliopita alikuja kwenye mashine mama mmoja aitwaye Uwimana, mgeni katika kijiji, akimsukuma binti yake kwenye toroli. Binti yule miguu yake haina nguvu tangu utotoni, na mapajani alikuwa ameshikilia debe lao la mahindi. Uwimana alipita kwenye upenyo, akapanda, akaliweka toroli kati ya ile miche minne, ambayo sasa inafika kifuani. Hakuuliza mtu. Hakubisha, hakushukuru, hakutazama nyuma kuona kama kuna atakayemfukuza. Binti alimpa Bwana Leonidasi debe, akamwambia asisage laini sana.

Tulitaka kumweleza Uwimana kwamba pale palikuwa pa kuposwa. Bwana Leonidasi akatutazama akatikisa kichwa, nasi tukaacha. Uwimana hajui kwamba kuna siku mahali pale paliombwa, na tunadhani hivyo ndivyo ulivyotaka.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii parokiani kwetu, na baada yake wote mnakaribishwa nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Koleta, ambaye siku hizi anasema kiburi kile kilisagika. Wanao Deodata, Ansbert na Bernadetha. Dada yako Febronia wa Runazi. Mdogo wako Renatus na familia yake huko Nemba, Biharamulo. Rafiki na msemaji wako Mzee Telesfori. Ndugu Kazimili na wanakijiji wote. Na nyumba ya Bwana Leonidasi, walioomba wenyewe waandikwe hapa pamoja na ndugu.

Pumzika kwa amani, Baba. Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.